Nuru Iliyochelewa Njiani

Ipo kauli ninayoisikia mara kwa mara hapa Masasi, hasa kwa vijana waliomaliza sekondari: kwamba nyota tunazoziona zilikwisha kufa zamani, na kinachotufikia ni nuru yao tu. Husemwa kwa madaha, kama kitendawili kilichoteguliwa. Mimi nauona kuwa ni usomaji mbovu.

Nyota tuzionazo kwa macho matupu karibu zote ziko jirani, nuru yake ikichukua miaka elfu chache tu kutufikia, au pungufu. Na nyota huishi mamilioni, hata mabilioni ya miaka. Barua ya Dar es Salaam ikichelewa wiki mbili, hatumwekei matanga aliyeiandika.

Kwa galaksi nyingine neno hili lina uzito zaidi. Msomaji apande Newala usiku wa manane mwezi wa Oktoba, kusiwe na mbalamwezi wala mawingu, asimame Shimo la Mungu akitazama kusini, ng'ambo ya bonde la Ruvuma. Juu ya Msumbiji ataona madoa mawili meupe kama moshi. Hayo ni Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo: moja iko umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi, nyingine kama 200,000. Katika ile ya karibu, Februari 1987, nyota moja ilionekana ikilipuka. Hiyo kweli ilikuwa marehemu wa siku nyingi. Lakini ni nuru yenyewe iliyoleta tanzia, hatukukisia.

Ugumu hasa uko kwingine. Taa hafifu kule bondeni ni koroboi ya karibu au karabai ya mbali? Jicho haliwezi kuamua. Mmarekani Henrietta Leavitt alitoa ufunguo mwaka 1912, kwa nyota za lile wingu dogo: zipo zinazong'aa na kufifia kwa zamu, na kadiri zamu inavyokuwa ndefu ndivyo nyota ilivyo kali. Hesabu siku zake, utajua ni taa gani. Ukishaijua taa, ufifi wake utakupa umbali.

Mwaka 2022 ilitangazwa nyota iitwayo Earendel, ambayo nuru yake imesafiri karibu miaka bilioni 12.9. Wengine wamehoji: huenda si nyota moja bali kundi zima. Huo ndio ubishi wa maana, nao vijana wetu wanauruka. Ikiwa ni moja, nyota kubwa hivyo huishi miaka milioni chache tu, basi ilikwisha zimika. Ikiwa ni kundi, zile ndogo ndogo huenda zingali zinawaka.