Jina Kitakoni, Ushahidi Kwenye Kioo

Chukulia mwalimu mmoja amerithi kioo cha kukandamizia karatasi: tufe zito, maua ya rangi ndani yake, na kitakoni jina lililochorwa kwa ncha kali. Wengi wataanza kulisoma jina. Mimi naliweka mwisho, kwa sababu yeyote mwenye kalamu ya almasi anaweza kuliongeza. Kioo chenyewe hakibadiliki.

Anza na maji. Weka bakuli la maji juu ya mzani wa jikoni wa kidijitali, urudishe kwenye sifuri. Funga tufe kwa uzi, lizamishe lote bila kugusa bakuli, kisha soma mzani. Tufe la gramu 600 likionyesha 240, gawanya 600 kwa 240: unapata msongamano wa 2.5, kioo cha kawaida, jamii ya chupa na madirisha. Likionyesha 200, unapata 3.0, maana yake kioo kina madini ya risasi kwa wingi. Hiyo ni kristali. Kwa uzi na bakuli tu umeshapunguza orodha ya watengenezaji.

Mfano wa karibu ni Kitengela, kusini mwa Nairobi, kwenye karakana aliyoianzisha Nani Croze na ambako mwanawe Anselm hupuliza vioo. Pale huyeyushwa vioo chakavu vya madirisha. Tufe lenye jina la Kitengela likitoa 3.0, nitalitilia shaka hata saini ikiwa nzuri namna gani.

Kisha chukua kioo cha kukuza, ulaze tochi ubavuni mwa kitako. Tufe lililokaa mezani miaka mingi huwa na mikwaruzo midogo inayokwenda kila upande. Angalia inapokutana na herufi. Mikwaruzo ikipita juu ya herufi, saini ni ya zamani. Herufi zikikata mikwaruzo, jina lilikuja baadaye. Kipimo hiki nakiamini kuliko vingine vyote, na hakigharimu kitu.

Wapo waliosaini ndani. Paul Ysart, mzaliwa wa Barcelona aliyefanya kazi Scotland, aliweka kipande cha kijiti cha kioo chenye herufi PY katikati ya mapambo, kioo kikiwa bado moto. Kiwanda cha Baccarat cha Ufaransa kiliweka B pamoja na mwaka, kati ya 1846 na 1849. Alama ya namna hiyo haiongezwi kwenye tufe lililokwisha kupoa, ingawa fundi mwingine anaweza kuiiga tangu tanurini.

Saini ya msanii mmoja mmoja ilienea baada ya warsha za kioo za Toledo, Marekani, mwaka 1962, Harvey Littleton na Dominick Labino walipoonyesha kwamba tanuri dogo humwezesha mtu kufanya kazi nje ya kiwanda.

Ukiwa na tufe kama hilo, tafadhali usisugue kitako kwa stilwuli wala kulipeleka likang'arishwe. Piga picha kwanza, mikwaruzo yote ionekane.