Mpagazi wa Kuzaliwa na Ubongo wa Kike

Cordelia Fine, mwanasaikolojia aliyezaliwa Toronto na kufundisha Chuo Kikuu cha Melbourne, hakuandika kitabu chake Delusions of Gender kwa ajili ya watu wa Tabora. Kitabu hicho cha mwaka 2010 kinabishana na maabara za Ulaya na Marekani. Hata hivyo, msomaji wa Kiswahili aijuaye historia ya njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji, atakutana humo na hoja ambayo bara hilo liliwahi kuishuhudia kwa macho.

Hoja yenyewe ni nyepesi kuieleza, ingawa ni nzito kuikubali. Fine anasema kwamba jamii humpangia mwanamke kazi, humzoesha kazi hiyo tangu utotoni, kisha humtazama akiifanya kwa ustadi na kusema: ndivyo alivyoumbwa. Wataalamu huja baadaye kuitafutia kauli hiyo ushahidi. Katika karne ya kumi na tisa waliweka ubongo kwenye mizani. George Romanes aliandika mwaka 1887 kwamba ubongo wa mwanamke umepungua kwa takriban aunsi tano, na kwa upungufu huo akaeleza upungufu wa akili. Mizani ilipokosa kutoa jibu la kuaminika, dai halikuachwa bali lilihamishwa. Mwaka 2003 Simon Baron-Cohen wa Cambridge alidai kwamba ubongo wa kike, kwa wastani, umeelekea kuhisi hisia za wenzake, na wa kiume umeelekea kuchambua na kuunda mifumo. Zamani ilikuwa aunsi. Sasa ni homoni anazozipata mtoto tumboni, na picha za rangi zinazotoka katika mashine.

Nguvu ya Fine ni katika kuzifungua tafiti hizo moja moja na kuuliza: waliopimwa walikuwa wangapi? Je, jaribio liliporudiwa lilitoa jibu lile lile? Tofauti ndogo ya wastani imegeukaje kuwa hukumu ya kila mtu? Kwamba mashine nazo zahitaji msomaji mwangalifu, yatosha kukumbuka jaribio la mwaka 2009, ambapo samaki aliyekufa aliingizwa katika mashine ya kupiga picha za ubongo, na hesabu iliyofanywa bila hadhari ikaonyesha kana kwamba anafikiri.

Ama kwa upande wa Tabora, ushahidi hautoki maabara. Mnamo Novemba 1857 Richard Burton aliwasili Kazeh, mahali palipokuwa kituo cha wafanyabiashara katika Unyanyembe. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860 aliwaeleza Wanyamwezi kuwa wapagazi wa kuzaliwa, wenye silika ya kubeba kama mbwa wa kuwinda alivyo na silika ya windo. Lakini Burton huyo huyo anasimulia kwamba mtoto wa kiume alianza mapema kujizoeza kwa kubeba kipusa kidogo cha pembe begani. Mwalimu na somo wako mbele ya macho yake, naye anaandika silika. Fine asingepata mfano bora kuliko huu: mazoezi yanaonekana, yanaandikwa, kisha yanafutwa kwa neno maumbile.

Historia ndiyo iliyomjibu Burton. Mwaka 1912 reli ya kati ilifika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Misafara mikubwa ya pembe ikakoma. Iwapo upagazi ulikuwa silika, ulipaswa kubaki katika damu hata baada ya gari moshi kupita. Haukubaki. Uliokuwa ufundi wenye heshima yake, wenye kirangozi wake wa kuongoza safu, nyimbo zake na ujira wake, uliondoka pamoja na biashara iliyouzaa.

Hapo hapo njiani pana jambo jingine linalomhusu mwanamke hasa. Mzigo wa mpagazi, aghalabu frasila mbili, yaani kama kilo 32, ulipimwa na kuandikwa daftarini. Wanawake waliosafiri na misafara walibeba vyungu, chakula na vyombo vya kambi, na wengine mtoto mgongoni. Kambi ilipopigwa, kazi yao ndiyo ilianza upya. Mizigo hiyo haikuingia daftarini. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika makala yake ya mwaka 2000, aliwatoa wanawake hao gizani na kuwaonyesha kuwa washirika wa kazi, si wafuasi tu. Mfano mmoja una jina: Halima, mpishi wa Livingstone, aliyeondoka naye Kwihara, karibu na Tabora, Agosti 1872, naye alikuwamo katika msafara huo Livingstone alipofariki mwaka uliofuata. Mwaka 1874 Chuma na Susi walialikwa Uingereza kusimulia safari. Halima hakualikwa. Asiyehesabiwa leo, kesho husemwa kwamba hakuweza.

Wapenzi wa ushairi wanao ushahidi ulio karibu zaidi. Mwaka 1858, Burton akiwa bado katika safari ile, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi wa wasia juu ya mwenendo wa mke. Utendi huo husomwa mara nyingi kama picha ya tabia ya mwanamke wa mwambao. Usomwe pia kwa jicho la Fine. Mama hamuusii mwanawe kupumua. Linalohitaji wasia, tena kwa tungo ndefu na kwa sauti ya mgonjwa anayehofia kufa, ni lile ambalo lisipofunzwa halitakuwapo. Na aliyelipanga kwa vina na mizani, kwa mfumo usioyumba, alikuwa mwanamke.

Kitabu kina kasoro zake. Kejeli ya Fine hufurahisha, lakini mahali pengine humfanya msomaji acheke kabla hajapima. Baron-Cohen alimlaumu kwa kuchanganya sayansi na siasa. Lawama hiyo haimpati sawasawa, kwani Fine hakani kuwapo kwa tofauti yoyote, bali anakana haraka ya kuzipa asili. Kasoro iliyo kubwa zaidi ni kwamba baadhi ya ushahidi alioutegemea umedhoofika. Majaribio yaliyosema kwamba msichana akikumbushwa udhaifu wa jinsia yake hushindwa hisabati hayakusimama vizuri yaliporudiwa kwa watu wengi zaidi. Kanuni anayowapimia wengine yampasa naye. Isitoshe, mashahidi wake ni wa ulimwengu mmoja. Mtu anayetaka kujua nini ni maumbile na nini ni mazoea hawezi kukomea kwa wanafunzi wa vyuo vya Magharibi. Njia ya Ujiji nayo ina la kusema.

Wala Tabora haithibitishi lolote juu ya ubongo, na si haki kuitwika mzigo huo. Inachothibitisha ni tabia ya mtazamaji. Mji huo una shule mbili mashuhuri, ya wavulana na ya wasichana. Ya wavulana ilianzishwa na Waingereza kwa ajili ya watoto wa kiume wa machifu, nayo ndiyo aliyosoma Julius Nyerere kuanzia mwaka 1937. Waliopewa madawati walikuja kushika madaraka, na hakuna haja ya kupima ubongo kueleza sababu. Msichana anayeambiwa hii leo kwamba fizikia si ya akili yake anaambiwa maneno ya Burton kwa lugha mpya. Fine amempa swali la kuuliza kabla ya kuyakubali: kipusa cha kujizoezea alipewa nani?