Globu ya Zenoni na Mahali pa Tao Lake

Tangu kampuni ya BMW ilipotia taa za zenoni katika gari lake la Mfululizo wa 7 mwaka 1991, globu ya taa ya mbele imekuwa chombo cha jinsi nyingine kabisa, kwani ndani yake hamna tena uzi wa tangsteni upashwao moto hadi ukang'aa, bali mna ncha mbili za tangsteni zilizotengana kwa milimita nne na ushei, na baina ya ncha hizo umeme huruka ndani ya kifuko cha kwatsi chenye gesi ya zenoni na chumvi za metali, ukafanya tao dogo la moto mweupe ambalo kwa wati 35 tu hutoa lumeni 3200, ilhali globu ya halojeni ya aina ya H7, inayotumia wati 55, hutoa lumeni 1500. Ili tao hilo liwake, kifaa kiitwacho balasti, kikishirikiana na kiwashio chake, hutuma pigo la umeme la volti zaidi ya 20,000. Na likiisha kuwaka, volti hushuka hadi kiasi cha makumi tu, na kazi ya balasti ikawa ni kuusimamia mkondo usizidi wala usipungue.

Watu wengi waingiao dukani kununua globu ya namna hii huuliza ni ipi yenye nuru kali zaidi, na wauzaji, kwa kuwa hilo ndilo waulizwalo kila siku, hujibu kwa kusifu ukali. Mimi naona swali hilo halikuanzia mahali pake. Ukali wa nuru si jambo gumu kupatikana. Hata globu ghushi huwaka, na baadhi yake huwaka kwa ukali wa kutisha. Kilicho adimu, na ndicho hasa mnunuzi wa globu halisi anacholipia fedha yake, ni tao kukaa mahali lilipoamriwa kukaa. Kanuni namba 99 ya Umoja wa Mataifa, ambayo ndiyo inayotawala globu za jinsi hii, imeagiza kwa globu ya aina ya D2 kwamba kitovu cha nuru kiwe milimita 27.1 kutoka katika uso wa kitako unaoegemea taa, na nafasi ya kukosea iliyoachiwa mtengenezaji ni sehemu ya milimita. Kiakisi na lenzi za taa zimechongwa kwa kuamini kwamba tao liko hapo hasa. Likisogea kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukitambua kwa kuitazama globu mkononi, nuru iliyokusudiwa kushuka barabarani hupanda ikaingia machoni mwa dereva ajaye upande wa pili, na barabara ya mwenye gari mwenyewe ikabaki na mabaka ya giza. Katika njia kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, ambako kwa masafa marefu malori na magari madogo hupishana bila ya kizuizi kati yao, kosa hilo la sehemu ya milimita ni jambo la uhai na mauti.

Hapa kwetu suala hili limekuja pamoja na magari yaliyotumika Ujapani. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane, na kwa hiyo aghalabu gari hushushwa bandarini likiwa limekwisha kutumika miaka saba hivi, taa zake za zenoni zikiwa ni zile zile zilizotiwa kiwandani. Globu ya zenoni iliyo njema hudumu kiasi cha saa 2000 au zaidi kidogo, basi mara nyingi ni mwenye gari wa pili, aliyeko Nairobi au Dar es Salaam au Kampala, ambaye huangukiwa na zamu ya kuibadilisha, naye huenda Kirinyaga Road, au Kariakoo, au soko la Kisekka, mahali ambapo globu halisi na bandia hulala katika kabati moja.

Mwenendo nitakaoueleza ni ule tuliofuata kwa gari la shemeji yangu, ambalo taa yake ya kushoto ilianza kuona haya, ikawa na rangi ya waridi, kisha ikawa inazimika yenyewe safarini na kuwaka tena akiizima na kuiwasha upya. Dalili hizo zinajulikana: globu inapozeeka, chumvi zilizomo ndani hupungua na rangi hubadilika, na volti inayohitajiwa na tao hupanda mwaka hata mwaka mpaka balasti ikashindwa kulishikilia. Walakini balasti mbovu nayo huweza kuzima taa, na bei yake ni kubwa, kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi moja fundi alizibadilisha globu mbili hizo mahali, ya kushoto akaitia kulia na ya kulia akaitia kushoto. Maradhi yalihama pamoja na globu. Lau yangalibaki kushoto, globu ingalikuwa haina hatia, na ununuzi wote ungalikuwa hasara tupu.

Globu ilipokuwa nje ndipo ilipotupa habari ya pili, nayo ni muhimu kuliko maneno yote ya dukani: katika kitako chake yaliandikwa D2R. Tarakimu na herufi hizo si pambo. Tarakimu 1 na 3 ni za globu zilizoungana na kiwashio chao katika umbo moja, na 2 na 4 ni za zile ambazo kiwashio chao kiko mbali nazo. Tena 1 na 2 zina zebaki ndani na tao lake huwaka kwa volti 85, ambapo 3 na 4 hazina zebaki na huwaka kwa volti 42. Kwa kuwa wati ni zile zile 35, mwenye kujua hesabu ataona mara moja kwamba globu ya D4 inataka mkondo wa umeme ulio maradufu ya ule wa D2, na kwa sababu hiyo balasti ya moja haiifai nyingine hata kidogo. Sheria ya Umoja wa Ulaya imekataza zebaki katika taa za aina mpya za magari zilizoidhinishwa kuanzia Julai 2012, ndiyo maana D1 na D2 sasa hutengenezwa kwa ajili ya magari ya zamani tu.

Herufi ya mwisho ndiyo yenye kuleta ugomvi. S ni globu ya taa yenye lenzi ya mviringo, ambamo bamba la chuma hukata nuru isipande. R ni globu ya taa yenye kiakisi kitupu, ambamo hamna bamba la kukata chochote, na kwa hiyo kioo cha nje cha globu yenyewe kimepakwa rangi nyeusi sehemu maalumu ili izuie ile nuru ambayo ingeruka juu. Kwa kuwa rangi hiyo hufunika sehemu ya tao, D2R hutoa lumeni 2800 mahali ambapo D2S hutoa 3200. Muuzaji wa kwanza tuliyemwendea alizijua tarakimu hizo mbili vizuri, akazifanya hoja. "Chukua hii S, bwana," alimwambia shemeji, "hiyo R yako imefungwa macho. Fundi akiinyoa kidogo hapa kwenye kitako, inaingia." Na ni kweli kwamba ingeingia. Watengenezaji wamevipa vitako hivyo pengo tofauti makusudi, ili globu moja isikubali nyumba ya nyingine, na kisu cha fundi kinaweza kulifuta kusudi hilo kwa dakika moja. Lakini zile lumeni 400 zilizoongezeka, katika taa ya kiakisi, haziongezi nuru barabarani. Ndizo hasa zile zilizokuwa zimezuiliwa zisipande, na zote zingemwendea dereva wa mbele. Shemeji alirudisha globu kabatini kwa upole, tukatoka.

Katika rangi sitakawia. Globu halisi ya kawaida ina kiasi cha kelvini 4300, weupe wenye umanjano mchache sana, na huo ndio unaoonyesha barabara vizuri, hasa wakati wa mvua. Zile zinazotangazwa kwa kelvini 8000 au 12,000 zimepata ubuluu wao kwa kupoteza nuru, na mwenye kuzinunua hulipa zaidi ili aone kidogo.

Sasa, baada ya kujua kwamba twataka D2R mbili za rangi ya kawaida, lilibaki swali la uhalisi. Kampuni inayounda gari haiundi globu. Zile ziuzwazo katika kisanduku chenye jina la gari hutoka kwa watengenezaji wa globu, na kati ya hao majina yanayojulikana zaidi ni Philips na Osram. Kila moja ina namba yake ya bidhaa, nayo ni jambo jema kuiandika katika karatasi kabla ya kuondoka nyumbani: D2R ya Philips ni 85126, na ya Osram ni 66250. Muuzaji anayeulizwa kwa namba hujibu kwa hadhari zaidi kuliko anayeulizwa kwa sifa. Jina la Lumileds likionekana katika kisanduku cha Philips lisimtie mtu shaka, kwani ndiyo kampuni iliyokuwa ikitengeneza globu za magari za Philips.

Ithibati ya kwanza ya kutazama ni kibandiko cha uthibitisho. Kampuni hizo mbili zimeweka katika bidhaa zao za zenoni kibandiko chenye tarakimu za siri, ambazo mnunuzi huziingiza katika tovuti ya kampuni kwa simu yake, akiwa bado amesimama dukani, akajibiwa kama zimetoka kiwandani. Hili tulilifanya mbele ya muuzaji wa pili, mzee mwenye duka dogo, naye hakuchukia, bali alituletea kiti. Ninamsifu kwa hilo, maana mwenye bidhaa safi hana sababu ya kuchukia uchunguzi, na mwenye kukataza kibandiko kisifunuliwe kabla ya malipo amekwisha kujitolea ushahidi.

Lakini kibandiko chaweza kunakiliwa, na kwa hiyo mnunuzi asikome hapo. Katika kitako cha globu lazima pawe na jina la mtengenezaji, aina ya globu, na alama ya herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa idhini, 1 ikiwa Ujerumani, 2 Ufaransa na 4 Uholanzi. Herufi za DOT peke yake hazitoshi, kwani hizo ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba ametii sheria ya Marekani, si idhini iliyotolewa na mtu mwingine. Maandishi ya globu halisi ni membamba, yamenyooka, na namba zake hukubaliana na zile za kisandukuni. Ya ghushi mara nyingi hufifia yakisuguliwa kwa kidole. Kisha inuliwe globu kwenye mwangaza: kifuko cha ndani kikae katikati ya kioo cha nje bila kuegemea upande, na ile rangi nyeusi ya R iwe na kingo zilizokatika safi, kwani kingo hizo ndizo zinazochora mpaka wa nuru barabarani. Kioo hicho cha nje nacho kina kazi isiyoonekana, ya kunyonya miale ya urujuanimno inayotoka katika tao; katika globu duni miale hiyo hupita, na baada ya muda plastiki ya taa nzima ikapata umanjano na ufa, taa ambayo thamani yake ni mara nyingi ya thamani ya globu.

Yule mzee alikuwa na shauri jingine, ambalo sitaki kulipita kimya. Alikuwa na globu zilizotolewa katika magari yaliyovunjwa Ujapani, za kampuni hizo hizo, kwa bei ndogo sana. Hukumu yangu ni kwamba globu halisi iliyotumika ni bora kuliko bandia mpya, kwa sababu tao lake bado liko mahali pake. Ila hakuna awezaye kujua imekwisha kuwaka saa ngapi, na kifuko chake kikiwa kimeingia ukungu au weusi, basi umri wake umekaribia mwisho. Imfae mtu wa kuvuka mwezi mmoja au miwili, si zaidi. Shemeji alinunua mpya, na alinunua mbili, ijapokuwa ya kulia ilikuwa bado inawaka, kwani globu mpya kando ya kongwe huwa na rangi mbili na nguvu mbili. Akadai stakabadhi yenye namba za bidhaa, akapewa.

Kufunga kulikuwa kazi ya muda mfupi, lakini ya adabu: taa zimezimwa, ufunguo umetolewa, kioo hakikuguswa kwa vidole, maana mafuta ya ngozi huungua juu ya kwatsi yakaidhoofisha. Jioni tuliliegesha gari mahali sawa, mita 10 mbele ya ukuta mweupe. Mpaka wa nuru ulikuwa umekatika wazi, sentimita 10 hivi chini ya kimo cha taa, ukipanda kidogo upande wa kushoto kama ipasavyo katika nchi ziendeshazo kushoto, na juu yake palikuwa na giza. Giza lile la juu ndilo tulilolinunua. Rangi za globu mbili zilitofautiana kidogo usiku wa kwanza, jambo ambalo huondoka lenyewe baada ya saa kadhaa za kuwaka.

Ombi langu kwa msomaji aliyekwisha kufunga globu zake halisi ni mambo mawili. Ile kongwe ya D1 au D2 isitupwe jaani mahali watoto wanapochezea, kwa kuwa ndani yake mna zebaki. Na iachiwe fundi au muuzaji anayekusanya taka za namna hiyo. Kisanduku nacho, pamoja na kibandiko chake, kichanwe vipande vipande kabla ya kutupwa, kwani kisanduku halisi kikiokotwa kizima ndicho nguo nzuri kuliko zote ambayo globu bandia yaweza kuvalishwa.