Kifuniko Bila Chungu: Waya wa Simu na Ususi wa Durban

Mswahili wa pwani huufahamu ususi wa vifuniko kupitia kawa, ile pia ya miyaa inayowekwa juu ya sinia ili nzi wasitangulie wageni. Wazulu wana imbenge, kifuniko kidogo chenye umbo la kisahani kipana, kinachokaa juu ya ukhamba, chungu cheusi cha pombe ya mtama. Undugu wa vitu hivi viwili hauishii katika matumizi. Ilala, mti unaowapa Wazulu malighafi ya ususi, ni wa jenasi ya Hyphaene, sawa na mkoma au mkoche wa pwani yetu. Kwa hiyo imbenge ya zamani, yenye rangi ya majani makavu, haimgutushi msomaji wa Lamu au wa Pemba. Kinachomgutusha ni imbenge ya Durban iliyosukwa kwa waya wa simu: buluu, chungwa, kijani na nyeupe zikizunguka kutoka kitovuni kwa kasi ambayo jani halikuijua.

Katalogi karibu zote husimulia asili ya sanaa hii kwa namna moja. Walinzi wa usiku wa Kizulu, makorokoroni waliolinda viwanda na maghala ya Durban, waliokota masalia ya kebo za simu, wakaanza kuzungushia marungu yao ili kuupitisha usiku, kisha wakahamia kwenye vifuniko. Kisa hiki kina ukweli. Elliot Mkhize, mmoja wa wasusi wa kwanza wa waya wa simu kujulikana kwa jina lake, alikuwa mlinzi wa usiku. Tatizo ni namna kinavyosimuliwa, kana kwamba sanaa ilizaliwa pale masalia ya mzungu yalipokutana na mikono isiyo na kazi. Fimbo na marungu ya Wazulu yaliyofungwa kwa nyaya za shaba nyekundu na shaba nyeupe yamo katika makumbusho ya Ulaya tangu karne ya 19, na vijaluba vya ugoro vilipambwa hivyo hivyo. Ufundi wa kuulaza waya ukawa kama kitambaa ulikuwapo kabla simu haijafika Natal. Mlinzi wa usiku hakuvumbua ususi wa waya. Alikuwa mrithi wake.

Basi simu ilileta nini? Ilileta rangi. Ndani ya kebo ya simu mna jozi nyingi za nyaya nyembamba za shaba, na kila waya umevikwa plastiki ya rangi yake ili fundi aliye juu ya nguzo au ndani ya handaki ajue ni jozi ipi ya nyumba ipi. Rangi hizo ni maandishi. Zilitungwa na wahandisi kwa ajili ya msomaji mmoja tu, naye ni fundi mwenzao. Msusi alizikuta zikiwa lugha tayari, akaziondolea maana yake ya kwanza na kuzipa nyingine. Hapa ndipo neno linalopendwa na waandishi wengi wa magazeti, yaani kutumia taka upya, linapoonyesha udhaifu wake. Neno hilo humsifu msusi kwa usafi wa mazingira na kumnyima sifa ya utunzi. Hakuna anayesema kwamba mshairi hutumia upya maneno yaliyotupwa na wachuuzi.

Kuna jambo jingine ambalo kisa cha mlinzi hulifunika kombe ili mwanaharamu apite: chungu chenyewe. Imbenge ni kifuniko cha pombe, na Durban haikuwa mji wowote tu katika historia ya pombe ya Waafrika. Sheria ya Natal ya 1908 iliupa mji uwezo wa kujitwalia ukiritimba wa kupika na kuuza pombe ya mtama. Mapato ya vilabu vya manispaa yakagharimia usimamizi wa Waafrika wenyewe, na utaratibu huo ukaigwa kwingineko hadi ukaitwa mfumo wa Durban. Mwanamke aliyepika pombe nyumbani alikuwa mhalifu. Mwaka 1929 vilabu vilisusiwa. Juni 1959 wanawake wa Cato Manor waliviingia, wakawafukuza wanywaji na kuimwaga pombe. Katika mji wa namna hiyo, mwanamume aliyeishi bwenini mbali na mji wake wa ukoo angekuwa na imbenge ya kufunika nini? Ususi wa waya ulipokuja kushamiri baadaye, ukiritimba ule ulikuwa umekwisha kulegea, na haifai kudai kwamba sheria ya pombe ndiyo iliyozaa sanaa hii. Hata hivyo ni vigumu kuziangalia imbenge za Durban bila kuona kwamba ni vifuniko visivyo na chungu. Kifuniko kimetolewa katika kazi yake, kikatundikwa ukutani, na uso wake uliokuwa ukitazama juu ukamgeukia mtazamaji. Mageuzi hayo ya nyuzi tisini ni makubwa kuliko badiliko la jani kuwa plastiki.

Kuhusu fani, kuna njia kuu mbili. Katika ususi mgumu, waya wa rangi huzungushwa juu ya uti wa waya mnene wa chuma, na chombo hujengwa pindi juu ya pindi kama kapu la msuko wa kuviringisha. Katika ususi laini hakuna uti. Nyaya zenyewe hupishanishwa juu ya kalibu, mara nyingi bakuli au sufuria, na kinachopatikana ni ngozi nyembamba yenye wimbi. Njia ya kwanza hupendelea jiometri, pembetatu na meno ya msumeno. Ya pili huruhusu rangi zipinde pamoja, ndiyo maana mizunguko inayomfanya mtazamaji ahisi kizunguzungu hupatikana zaidi humo.

Picha ndizo zenye ubishi. Kuanzia miaka ya 1990, wanawake wa Siyanda, makazi yaliyo karibu na KwaMashu kaskazini mwa Durban, waliingia kwa wingi katika ufundi ulioanza kama wa wanaume. Mbunifu Marisa Fick-Jordaan alifanya kazi nao, na kituo cha sanaa cha BAT pale bandarini kiliwapa soko. Ndani ya visahani pakaanza kuonekana nyumba, ng'ombe, magari, watu waliosimama duara. Mchoro wa namna hii ni wa ukaidi. Msusi hachori nyumba. Huijenga kwa vipande vya mzunguko, akikumbuka kwamba ukuta atakaoumaliza baada ya mizunguko 10 lazima uanze kuhesabiwa sasa. Mstari ulionyooka hauna makao katika duara, hivyo mapaa hupinda na miguu ya ng'ombe hutawanyika kama miali. Wahakiki waliozoea kuuita upindaji huo ujinga wa kitoto hawakuhesabu mizunguko. Kuna mchezo humo, lakini ni mchezo wa bao, si wa kombolela.

Ipo pia tabia ya kusoma rangi kwa kamusi: nyekundu ni mapenzi, nyeusi ni huzuni, na kadhalika, kama wauza shanga wanavyowaeleza watalii. Hata katika shanga za Kizulu maana ilibadilika kwa eneo, kwa kizazi na kwa rangi iliyokuwa jirani. Kuihamishia orodha hiyo katika waya, ambao rangi zake zilichaguliwa na wahandisi wa kebo, ni kuongeza kosa juu ya kosa. Maana ya rangi katika imbenge ya waya iko katika mahusiano: njano inafanya nini ikilala kando ya zambarau, na kwa nini msusi amekatiza mpangilio wake kabla ya ukingo.

Leo waya wa simu wenyewe unatoweka. Mitandao ya simu inaiacha shaba na kuhamia nyuzi za kioo na mawimbi ya hewani, na wizi wa shaba umekuwa balaa la kitaifa. Mwaka 2015 Bunge la Afrika Kusini lilipitisha sheria ya kuongeza adhabu kwa wanaohujumu miundombinu muhimu. Mwishoni mwa 2022 serikali ikapiga marufuku kwa muda uuzaji wa vyuma chakavu na shaba chakavu nje ya nchi. Msusi anayetafuta kipande cha kebo angeweza kushukiwa pamoja na anayekata kilomita nzima. Kwa hiyo wasusi wengi hununua waya mpya uliotengenezwa kiwandani kwa ajili ya ususi, ambao haujawahi kubeba salamu ya mtu yeyote.

Wapo wanaolia kwamba uhalisi umepotea. Kilio hicho ni cha wapenzi wa kisa, si wapenzi wa kazi. Hasara iliyo kweli iko upande mwingine. Kebo ya zamani ilimlazimisha msusi kutunga kwa rangi alizopewa, na ubishi wake na rangi hizo ulionekana. Waya mpya huagizwa kwa rangi yoyote, na mwenye kuagiza mara nyingi ni muuza mapambo ya nyumba anayetaka kijivu na maziwa ili kisahani kisigombane na kochi. Vyombo hivyo ni safi na vimekamilika, na vingi vimekufa. Lakini waya mpya umewapa wasusi stadi pia vivuli ambavyo kebo haikuwa navyo, na kazi zao bora za miaka ya karibuni zina mpito wa rangi, kutoka buluu hadi nyeusi, uliokuwa muhali katika siku za Mkhize.

Suala la majina halijatulia. Kitabu Wired, cha David Arment na Fick-Jordaan, kilichotoka 2005, kiliwataja wasusi mmoja mmoja, na mwaka 2024 jumba la makumbusho la sanaa za jadi za kimataifa la Santa Fe, Marekani, lilifungua maonyesho ya sanaa hii kwa jina la Kizulu, iNgqikithi yokuPhica. Katika maduka ya viwanja vya ndege, visahani vya aina ile ile bado huuzwa vikiwa na kikaratasi kilichoandikwa kabila na bei.