Jinsi ya Kuitambua Modeli Nzuri ya Malaria ya Kisii

Ukiletewa modeli za kutabiri malaria ya Kisii na Nyamira, usikimbilie alama zake. Hesabu kwanza mistari ya data. Katika miinuko hii mvua ikinyesha leo, wagonjwa huja baadaye: mbu lazima wazaliane, na vimelea vya Plasmodium falciparum vikue ndani yao, jambo linalokwama joto likishuka hadi nyuzi 16 hivi. Ndiyo maana wagonjwa wa mwezi huu huoanishwa na mvua ya miezi iliyopita. Hapo wengi huteleza. Mwenye miezi 120 akirudi nyuma mwezi mmoja hubaki na 119. Akirudi mitatu, 117. Alama za modeli hizo mbili hazilinganishwi, hata jedwali lipendeze vipi. Kadhalika modeli ya idadi ya wagonjwa na ile ya logi ya idadi hiyo.

Data zikilingana, waite waamuzi, yaani vigezo vya kuchagua modeli. AIC ya Mjapani Hirotugu Akaike, ya miaka ya 1970, hutoza kila parameta alama 2. BIC ya Gideon Schwarz, ya 1978, hutoza logi asilia ya wingi wa data. Kwa miezi 117 ni kama 4.76. Mwaka huohuo Jorma Rissanen alileta kanuni ya maelezo mafupi kabisa, yaani modeli na data ziandikwe pamoja kwa ujumbe mfupi iwezekanavyo. Katika sura yake ya awali, hukumu yake hukaribiana na ya BIC.

Tuseme umeongeza parameta tatu za joto, na kosa la modeli, yaani logi ya uwezekano mara −2, likapungua kwa 9. AIC inatoza 6: chukua. BIC inatoza zaidi ya 14: acha. Hawabishani. AIC inatafuta utabiri wa mwezi ujao. BIC inatafuta modeli inayoelekea zaidi kuwa ya kweli. Tofauti isiyofika 2, mimi huihesabu sare na kuchukua yenye parameta chache.

Anayeandika makala kuhusu chanzo cha milipuko atumie BIC. Anayeagiza dawa kabla ya masika atumie AIC, na zahanati yenye rekodi za miaka miwili au mitatu iongeze sahihisho la data chache. Lakini modeli yoyote ifichwe masika ya mwisho, kisha iyatabiri. Ikishindwa, irudishwe kwa aliyeileta.