Sifa ya Fundi wa Springi

Katika sanaa za mikono ambazo watu huzipita pasipo kuzitolea heshima, mojawapo ni ya fundi wa springi, ambaye Buhembe, kama kwingineko Bukoba na Muleba, aghalabu huombwa aipandishe pikapu ihimili mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa, lakini ambaye ustadi wake hudhihiri zaidi siku ajapo kijana akitaka gari lake lishushwe mbele. Maana kushusha ni kupunguza nafasi, na nafasi ikipungua hakuna kosa linalojificha.

Itazame Toyota Hilux ya zamani, ile inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Mbele hubebwa na fito mbili za chuma zilizolala chini ya bodi, ambazo hujinyonga kila gurudumu lipandapo na kujinyongoa lishukapo. Fundi mwenye adabu ya kazi huliinua gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya stendi madhubuti, magurudumu yakining'inia. Hutia alama ya chaki, hupima urefu wa boliti ya marekebisho uliobaki nje, ndipo huilegeza, kulia na kushoto kwa hadhari ileile. Kisha huliteremsha, akalisukuma mbele na nyuma lipate kutulia, akapima kwa futi kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Ugumu wa ufito haukubadilika. Kilichopungua ni mwendo wa gurudumu kwenda juu, hata raba ya kuzuia kishindo hufikiwa upesi. Na kwa kuwa, katika mikono miwili ya chuma inayolishika gurudumu, ule wa juu ni mfupi kuliko wa chini, gurudumu huinamia ndani, na mwenye gari asiyekwenda kupima alaimenti ataona tairi zinalika upande huo.

Kwenye springi za mviringo wako wawashao gesi na kuzichoma hadi zilale. Hilo siliiti ufundi. Uvumilivu wa springi hutokana na moto wenye kipimo, na moto usio na kipimo huuondoa, nayo roho ya abiria hubaki juu ya chuma kilichochoka katika miteremko ya Kamachumu.

Ajabu ni kwamba elimu hiyo ya moto ni ya kale katika nchi hii. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, baada ya kushuhudia wazee wa Kihaya wakijenga tanuri na kuyeyusha chuma, waliandika katika jarida la Science kwamba wahunzi wa pande hizi, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, walitoa chuma cha pua kwa kuingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuri, ili pumzi ya mivukuto ipate joto kabla ya kuyafikia makaa.

Hata leo springi iliyokatika haitupwi: mhunzi huipasha hadi iwe nyekundu, huifua ikawa kisu, huizima, kisha huirudisha motoni kidogo isije ikavunjika kama kioo. Laiti kila kijana anayejifunza gereji angekaa kwanza karibu na mvukuto wa mhunzi huyo, akaona kwa macho yake jinsi chuma kilichosuguliwa kinavyogeuka rangi kikipashwa, manjano iliyofifia ikifaa makali ya kisu, na buluu ikifaa springi.