Nyumba Isiyo na Uani

Utajiuliza michoro ya majengo imeingiaje katika kurasa za hadithi na mashairi. Jibu langu fupi: nyumba nayo ina wahusika, na msanifu naye hutunga. Yeye ndiye anayeamua nani apite mlango gani, nani aonekane, nani afichwe, na moshi wa nani uende wapi. Basi nimeichukua michoro ya mwanafunzi mmoja wa usanifu majengo (jina nalihifadhi, bado anangoja alama zake) nikaisoma kama ninavyosoma riwaya. Kazi ziko tatu, zote za wilaya ya Bagamoyo: nyumba za kuishi huko Zinga, jengo bovu la Mji Mkongwe linalofufuliwa, na makao ya wagonjwa wa akili njia ya kwenda Kaole.

Za Zinga zina maudhui mazito. Mwaka 2013 serikali ilitiliana saini na Wachina makubaliano ya kujenga bandari kubwa pale Mbegani. Kufika 2019 mazungumzo yalikuwa yamekwama, na Rais wa wakati ule, John Magufuli, aliyakemea hadharani masharti yake. Katikati ya hayo, wanavijiji wa jirani walishapimiwa na kuhesabiwa mali zao. Mwanafunzi wetu anauliza: mtu kama huyo akiondolewa kwake, ahamie nyumba ya namna gani? Swali nimelipenda. Jibu lake, fleti za ghorofa nne, limenivunja moyo.

Nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita inayoonekana kila mahali mwambao huu, haina mtunzi mmoja. Mbele baraza, katikati korido, vyumba vitatu huku na vitatu huku, halafu uani: jiko, choo, pipa la maji, kamba ya nguo. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili, vingine anapangisha, na kodi ndiyo pensheni yake. Tena inajengwa kidogo kidogo. Mwaka huu msingi, mwaka ujao tofali, bati likipatikana linapigwa juu ya vyumba viwili na watu wanahamia. Fleti haina subira hiyo, inataka fedha zote siku moja. Na uani umekwenda wapi? Katika mchoro umegeuka kibaraza cha nyuma chenye upana wa mita 1.2. Jamani! Mama akae hapo na mbuzi ya kukunia nazi, jiko la mkaa na mtoto mgongoni, halafu jirani aliyekuja kusukwa akae wapi? Hapa fani imemeza maudhui, kama wasemavyo walimu wetu wa fasihi.

Najua atakavyojitetea. Ardhi inaisha, Dar es Salaam inapanda kaskazini kila mwaka, Bunju juzijuzi tu ilikuwa mashamba. Sawa. Lakini nyumba za ghorofa moja zilizopangwa kuzunguka uani wa pamoja nazo zingebeba familia nyingi, na mtu angeweza kuongeza chumba mwanawe akioa.

Kazi ya pili nitaipitia haraka. Mji Mkongwe wa Bagamoyo, uliokuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi 1891, una majengo yaliyokwisha kubadilishwa kazi mara nyingi kuliko sisi tunavyobadilisha shati. Ngome Kongwe imewahi kuwa nyumba ya tajiri, kambi ya askari, na gereza. Boma la mwaka 1897 lilitumika kwa ofisi za serikali miaka mingi, mpaka mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikaangusha sehemu yake. Kwa hiyo kufufua jengo ni jambo la kawaida pale, na msanifu hahitaji kulitangaza kama uvumbuzi. Ametwaa nyumba moja ya mfanyabiashara, iliyobaki kuta tu, akaifanya maktaba na mkahawa. Nimefurahi kwamba hakuning'iniza minyororo ukutani ili watalii wapige picha. Ila mkahawa ndio uliopewa upande wa bahari na upepo wake, wanafunzi wa shule wakasukumiwa nyuma penye joto. Augeuze.

Na fundi yeyote wa pale angemwambia mambo mawili. Boriti ya mkoko haizidi mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu. Yeye amechora boriti juu ya chumba cha upana wa mita 5. Pili, ukuta wa mawe ya matumbawe hupumua kwa chokaa. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu na chumvi vinabaki ndani, na baada ya miaka michache plasta inadondoka pamoja na jiwe lenyewe.

Kazi ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Huko Aro, Abeokuta, Nigeria, mwaka 1954 daktari Thomas Adeoye Lambo aliwapangishia wagonjwa wa akili nyumba za wanakijiji, kila mgonjwa na ndugu yake. Hata hapa kwetu palikuwa na vijiji vya kilimo vya wagonjwa hao, kimojawapo Vikuruti, karibu na Dar es Salaam. Mwanafunzi ameielewa fikra hiyo. Kila chumba kina kitanda cha pili cha ndugu. Kuna jiko la ndugu, kubwa, lenye bomba na kivuli cha mwembe uliokuwapo kabla ya jengo. Madirisha yana matofali ya matundu badala ya nondo. Na langoni ameweka baraza linalotazama nje, barabarani, ili mpita njia apumzike. Hakuna hata tangazo. Baraza tu, na watu waliozoea kuogopa mahali pale watakaa bila kushauriwa na mtu. Huu ni utunzi hasa.

Lakini nyuma ya stoo kuna mstatili mdogo ulioandikwa "chumba cha utulivu". Nilipima kwa rula: mita 2 kwa 2.4. Dirisha sikuliona. Komeo limechorwa kwa nje. Jina ni zuri, chumba ni mahabusu, na wote tunajua nani atapelekwa humo: yule aliyepiga kelele usiku, yule ambaye ndugu yake amekwenda kutafuta nauli. Simwambii akifute, maana kuna saa mgonjwa anahitaji kukaa peke yake. Akihamishie mashariki, kando ya jiko la ndugu, akitobolee dirisha la kimo cha mtu aliyekaa chini. Hapo kitapata upepo wa bahari, na aliye ndani atasikia sufuria zikigongana na sauti ya mtu anayemjua.